Mwacheni Acheze Michezo Yote Miwili

  Saa hii najua wengi mmekwisha kupeleka majani chai kituoni, ng'ombe wamekamuliwa, na watoto wametoka shule. Kaeni karibu. Walimu wa michezo, nanyi msiende mbali, kwa kuwa mazungumzo ya leo yanawahusu sana.

Nataka tumzungumzie mtoto anayependa michezo miwili. Kila shule ya wadi yetu ya Merigi, hapa Bomet, inaye. Ni yule msichana anayekimbia mita 1500 muhula mmoja, na muhula unaofuata yuko kwenye wavu akipiga voliboli. Ni yule mvulana ambaye asubuhi anapanda mlima mbio, na jioni ndiye golikipa wa timu ya kijiji. Mtoto huyu haachi kusumbuliwa. Mwalimu wa riadha anamwambia mpira utamvunja mguu. Mwalimu wa mpira anamwambia mbio za asubuhi zinammalizia nguvu za jioni. Akifika nyumbani, baba naye anamkumbusha methali tuliyolelewa nayo sote: mshika mbili, moja humponyoka. Basi mtoto wa miaka kumi na miwili anatakiwa aape kwamba tangu leo yeye ni wa mchezo huu, ule mwingine ameuacha.

Msimamo wangu nitautoa mapema ili mjue ninakoelekea. Ninasema mwacheni acheze yote miwili. Mchezo wa pili hauibi chochote kwa mchezo wa kwanza. Ukiratibiwa vizuri, unaujenga. Na siku ya kuchagua ikifika, maana kwa wengi itafika, achague mwenyewe akiwa na akili ya kuchagua, si kwa kuvutwa mikono na watu wazima.

Nimemleta shahidi. Ni Mkenya, mtu wa Pwani, na jina lake ni Asif Karim.

Asif Karim alizaliwa Mombasa mwezi wa Disemba mwaka 1963. Wengi wanaomfahamu wanamfahamu kwa kriketi, ule mchezo wa gongo na mpira mgumu. Aliichezea Kenya katika Kombe la Dunia la 1996, na mwaka 1999, Kombe lilipochezwa Uingereza, yeye ndiye aliyekuwa nahodha wetu. Lakini mtu huyohuyo aliichezea Kenya tenisi katika Kombe la Davis, ambayo ndiyo mashindano makubwa ya timu za mataifa kwa wanaume katika tenisi. Michezo miwili, na yote miwili kwa jezi ya taifa. Wakenya waliofikia hapo ni wachache sana.

Nawaomba mtazame vizuri jinsi michezo hiyo isivyofanana. Kriketi ni ya watu kumi na mmoja kila upande, na mechi inaweza kula siku nzima. Unaweza kusimama saa mbili uwanjani mpira usikujie hata mara moja, kisha ukujie ghafla nchi nzima ikikutazama. Katika tenisi uko peke yako. Ukikosea, hakuna wa kukufunika. Kila mpira ni wako, na ukishapoteza pointi unapewa sekunde chache tu kusahau na kuanza upya. Kijana aliyepita katika shule zote mbili amejifunza kuwategemea wenzake, na amejifunza pia kusimama bila mtu wa kumtegemea. Ni mafunzo mawili tofauti, na mchezo mmoja hauwezi kukupa yote kwa kiwango kilekile.

Sasa twendeni Durban, Afrika Kusini, tarehe 15 Machi mwaka 2003.

Wazee watakumbuka mwaka ule. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, jambo ambalo ulimwengu haukulitarajia. New Zealand walikataa kuja Nairobi wakitaja usalama, tukapewa pointi zao. Lakini Sri Lanka walikuja, na tarehe 24 Februari kwenye uwanja wa Gymkhana tukawafunga kwa mbio 53, yaani pointi za kriketi. Mrushaji wetu Collins Obuya aliwatoa wapigaji watano. Tukawafunga Bangladesh, tukawafunga Zimbabwe. Nahodha alikuwa Steve Tikolo. Kwa wiki chache hata watu wasiojua kanuni moja ya kriketi waliacha redio wazi.

Asif Karim alikuwa ameshastaafu. Baada ya Kombe la 1999 alikuwa ameweka mpira chini na kurudi kwenye shughuli zake za bima. Kenya ikamwita tena. Alikuwa na miaka 39, na katika kikosi kile walikuwamo vijana ambao walikuwa bado watoto yeye alipoanza kuvaa jezi ya nchi.

Siku ile Durban tulikutana na Australia, timu ambayo haikufungwa na mtu yeyote katika mashindano yale tangu mechi ya kwanza hadi ilipobeba kombe. Tulipiga sisi kwanza. Brett Lee, mrushaji wao wa kasi, akawatoa wapigaji wetu watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Tulijikongoja hadi mbio 174. Zamu ya Australia ilipofika, Adam Gilchrist akaanza kuwachapa warushaji wetu pande zote za uwanja. Ilionekana watamaliza kazi na kwenda kula mapema.

Hapo ndipo Asif Karim alipopewa mpira.

Kwa wasioujua mchezo huu, nieleze kidogo. Mrushaji hupewa mipira sita kwa zamu, nayo ndiyo huitwa ova. Ova ambayo mpigaji hakupata hata mbio moja ni fahari kwa mrushaji, hasa mbele ya timu kama ile. Karim hakuwa mrushaji wa kasi. Alitumia mkono wa kushoto, polepole, akiuzungusha mpira kwa vidole ili ukigusa ardhi ubadilishe njia. Siku ile alirusha ova nane na mipira miwili, yaani mipira 50. Ova sita kati ya hizo hazikutoa mbio hata moja. Kwa mipira yote 50 Australia walipata mbio 7 tu kutoka kwake, naye akawatoa watu watatu: Ricky Ponting aliyekuwa nahodha wao, kisha Darren Lehmann, kisha Brad Hogg. Waaustralia walishinda hatimaye, lakini waliotoka uwanjani si wale walioingia. Na mchezaji bora wa mechi hakutoka upande ulioshinda. Alikuwa Mkenya wa miaka 39 aliyekuwa amestaafu.

Sisemi kwamba tenisi ndiyo iliyomwangusha Ponting. Aliyemwangusha ni mtu aliyefanya mazoezi ya kurusha mpira maelfu ya mara. Ninachosema ni kwamba mchezo wa pili haukumharibu. Kama methali ile ingekuwa kweli kwa kila mtu na kila wakati, basi tenisi ingeipokonya Kenya mrushaji huyu zamani sana. Haikumpokonya. Alicheza kriketi ya kiwango cha juu akiwa na umri ambao wengi waliojifunga kwenye mchezo mmoja tangu utotoni, magoti na mabega yao yameshachakaa. Na ukimtazama alivyowakabili wapigaji wale, utaona kitu ambacho mchezaji wa tenisi anakielewa kwa mwili wake: kumsoma mtu mmoja aliye mbele yako, kuona miguu yake inaelekea wapi, kumpunguzia kasi anapotaka kasi, na kurudia jambo lilelile kwa usahihi hadi subira yake iishe.

Mtu mmoja hatoshi kuthibitisha jambo, kwa hiyo naita wa pili, naye alikuwa katika mashindano yaleyale ya 2003. Anaitwa Rudie van Vuuren, wa Namibia. Huyu ni daktari wa watu. Mwezi Februari mwaka 2003 aliichezea Namibia kriketi katika Kombe la Dunia. Dhidi ya Uingereza aliwatoa watu watano kwa mbio 43, matokeo ambayo warushaji wengi wa nchi kubwa hawayapati maisha yao yote. Mwaka huohuo, miezi michache baadaye, alikwenda Australia na timu ya Namibia kucheza Kombe la Dunia la raga. Makombe mawili ya dunia, michezo miwili, mwaka mmoja, na kazi ya udaktari ikimngoja nyumbani.

Msidhani kila siku yake ilikuwa ya sifa. Katika Kombe lile la kriketi, Namibia ilipokutana na Australia, yule Darren Lehmann alimchapa van Vuuren mbio 28 katika ova moja ya mwisho, kisha Namibia yote ikatolewa kwa mbio 45. Lehmann ndiye yuleyule ambaye wiki mbili hivi baadaye alitolewa na Asif Karim. Nawatajia hili ili mjue kwamba mtu wa michezo miwili naye hushindwa kama wengine wote. Tofauti ni kwamba siku moja ikimwendea vibaya, maisha yake yote ya michezo hayajafungwa kwenye siku ile. Ana pengine pa kusimama, na anarudi akiwa mzima.

Na wasichana je? Wazazi wa wasichana, sikilizeni hapa. Ellyse Perry wa Australia alikuwa na miaka 16 mwaka 2007 alipoichezea nchi yake kriketi, na katika wiki chache zilizofuata akaichezea nchi hiyohiyo mpira wa miguu. Mwaka 2011, katika Kombe la Dunia la wanawake la mpira wa miguu, alifunga goli dhidi ya Sweden katika robo fainali. Alicheza Kombe la Dunia la kriketi na Kombe la Dunia la mpira. Baadaye ratiba za michezo hiyo zilianza kugongana, klabu zikataka ajulikane ni wa nani, na kriketi ndiyo iliyobaki. Mwaka 2017 alipiga mbio 213 dhidi ya Uingereza bila kutolewa. Alichagua, ndiyo. Lakini alipochagua alikuwa mwanamke mzima aliyejua ladha ya michezo yote miwili, wala hakuwa mtoto anayetishwa.

Mwenzake wa nchi hiyo, Ashleigh Barty, ana kisa ambacho kila kocha anapaswa kukijua. Akiwa na miaka 15 alishinda ubingwa wa vijana wa tenisi kule Wimbledon. Dunia ikamwekea mzigo wa matumaini. Mwaka 2014 alichoka, akaiacha tenisi kabisa. Katika msimu wa 2015 kuingia 2016 akacheza kriketi ya kulipwa na timu ya Brisbane Heat, ingawa hakuwa amewahi kuucheza mchezo huo kwa ushindani. Akapumzika moyo, akacheka na wenzake, akawa mmoja katika timu. Kisha akarudi kwenye tenisi kwa hiari yake. Mwaka 2019 akashinda mashindano makubwa ya Ufaransa, mwaka 2021 Wimbledon, na mwaka 2022 akashinda nyumbani kwao Australia. Makocha wangemkatalia kriketi, pengine tenisi ingempoteza moja kwa moja.

Baada ya ushahidi huo, turudi Merigi.

Sisi ni watu wa mbio, na tuna haki ya kujivunia. Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho ndiye Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki. Alipata shaba ya mita 800 Tokyo mwaka 1964, na miaka minne baadaye kule Mexico akaongeza fedha. Tangu hapo, mtoto akizaliwa na kifua kipana katika vilima hivi, tunamwona tayari yuko kwenye ndege. Fahari hii imetulisha, lakini pia imetufunga macho. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anaondolewa kwenye mpira, anaondolewa kwenye voliboli, wengine hata kwenye masomo, anapelekwa kambini kukimbia asubuhi na jioni kama mtu mzima anayetafuta mshahara. Akifika miaka kumi na tisa amechoka au ameumia, na hana kingine alichowahi kujifunza kukifanya kwa mwili wake wala kwa kichwa chake.

Madaktari wamelitazama jambo hili. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kwamba mtoto asifungwe kwenye mchezo mmoja hadi afike karibu miaka 15 au 16. Wanataka apumzike siku moja au mbili kila wiki, na katika mwaka apate angalau miezi mitatu ya kuwa mbali na mchezo wake mkuu, ingawa si lazima miezi hiyo ifuatane. Sababu yao ni rahisi kuielewa. Mtoto anayerudia mwendo mmoja mwaka mzima huumiza mfupa na kano zilezile ambazo bado zinakua. Akibadilisha mchezo, sehemu nyingine za mwili zinafanya kazi na zile za kwanza zinapona. Na moyo nao unapona, maana mtoto anayechoka moyoni huacha michezo yote kabisa.

Sasa nisikieni vizuri, kwa sababu naweza kueleweka vibaya. Michezo miwili haina maana ya mazoezi mara mbili. Hapa ndipo methali yetu inaposema kweli. Mtoto anayekimbia kilomita nane alfajiri, anakwenda shule kwa miguu, anacheza mpira jioni, kisha anatumwa kuchuma majani chai Jumamosi na kubeba gunia hadi kituoni, huyo kweli kitu kitamponyoka. Kitakachomponyoka ni goti lake, au mtihani wake, au vyote viwili. Wazazi wengi hawaihesabu kazi ya shamba kama mazoezi, lakini mwili unaihesabu. Kilo za majani mgongoni ni uzito uleule, ziwe zimebebwa kwa mchezo au kwa riziki ya nyumbani.

Asif Karim hakuwa akicheza fainali ya tenisi na fainali ya kriketi siku moja. Van Vuuren alicheza kriketi mwanzoni mwa mwaka na raga mwishoni. Siri yao kubwa ilikuwa kalenda. Nasi kalenda tunayo! Katika shule zetu za sekondari, muhula wa kwanza ni wa magongo, mpira wa vikapu, mpira wa mikono na raga ya watu kumi na watano. Muhula wa pili ni wa mpira wa miguu, voliboli na netiboli. Ratiba yenyewe imeshamgawia mtoto mwaka wake. Anayeleta ugomvi ni mtu mzima anayetaka mchezaji wake afanye mazoezi ya mchezo mmoja mihula yote mitatu na likizo juu yake.

Kuna jambo jingine katika kisa cha Karim ambalo nataka wazazi wa Merigi walishike. Alikuwa na kazi ya bima. Van Vuuren alikuwa daktari. Katika timu ya Kenya ya miaka ile alikuwamo Dipak Chudasama, ambaye ni daktari wa meno. Mwaka 1997 hapo Nairobi, yeye na Kennedy Otieno walifungua mechi dhidi ya Bangladesh kwa mbio 225 kabla mmoja wao hajatolewa. Watu hawa walivaa jezi ya nchi, na nguzo ya maisha yao ilikuwa pia kwenye cheti na ujuzi. Baada ya raha ya 2003, kriketi yetu iliingia katika migogoro ya malipo na uongozi, na mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Wachezaji waliokuwa wakitegemea mshahara wa kriketi pekee walijikuta pabaya. Wenye taaluma waliumia moyoni, lakini watoto wao waliendelea kwenda shule. Basi mzazi, ukimruhusu mwanao michezo miwili, usimruhusu aache kitabu hata kimoja. Hata serikali imelitambua hili: katika mtaala mpya, mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu ni ya sanaa na sayansi ya michezo. Mtoto anaweza kuusoma mchezo huku akiucheza, akawa kocha, mwamuzi, mtaalamu wa kutibu majeraha, mwalimu.

Mtu atauliza, kwa nini nimewaletea kriketi na tenisi, wakati watoto wetu wengi hawajawahi kushika gongo la kriketi wala raketi? Nimewaletea makusudi. Kwa muda mrefu kriketi ya Kenya ilijengwa na jamii chache za Nairobi, Mombasa na miji mingine, na familia zilizoishi karibu na viwanja vya klabu. Akina Tikolo, akina Odumbe, akina Suji, akina Obuya: ndugu kwa ndugu, kwa sababu mchezo uliwafikia walipokuwa wadogo. Kipaji hakikuwa kimewekwa nyumba chache tu. Walichokuwa nacho ni nafasi ya kuuona mchezo na kuujaribu.

Na nafasi yenyewe inakua. Uganda, majirani zetu, walicheza Kombe la Dunia la kriketi ya ova ishirini kwa mara ya kwanza mwaka 2024. Waliifunga Papua New Guinea, na Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, akarusha ova nne akatoa mbio 4 tu na kuwaondoa watu wawili. Mwaka 2028 kule Los Angeles kriketi inarudi Olimpiki, baada ya kukosekana tangu 1900. Mrushaji wa kasi anahitaji miguu ya kukimbia, mapafu makubwa na bega lenye nguvu. Niambieni ni wapi Kenya hii utapata miguu na mapafu hayo kwa wingi kuliko Kericho na Bomet. Mtoto wetu anayekimbia leo anaweza kuwa mrushaji wa kesho, ila hatajua kamwe iwapo kila mtu anamwambia wewe ni wa mbio tu.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa walimu. Mwalimu wa riadha na mwalimu wa mpira, huyu mtoto si mali ya mmoja wenu. Kabla muhula haujaanza, kaeni meza moja, mwiteni na mtoto mwenyewe. Andikeni siku zake za mazoezi kwenye karatasi moja, na siku yake ya kupumzika iandikwe kwanza. Akiwa na mashindano ya mchezo mmoja, yule mwingine ampe nafasi bila kinyongo. Akishinda, wote wawili mmeshinda.

La pili ni kwa wazazi. Mwulizeni mtoto anapenda nini, kisha nyamazeni mumsikilize. Zile fedha za bonasi ya chai mnazopanga kumnunulia viatu vya mbio, kama anacheza na voliboli, mwulizeni kwanza kipi kimechakaa. Msimpunguzie miaka kwenye karatasi ili apate kushinda wadogo zake. Ushindi huo haumfundishi lolote, na siku atakapokutana na wa rika lake utamfedhehesha. Na wakati wa kazi za shamba, hesabuni mwili wake wote, siyo mikono tu.

La tatu ni kwa wenye viwanja. Mashamba makubwa ya chai yamekuwa na viwanja na klabu za michezo tangu enzi za mkoloni. Viwanja hivyo vinakaa kimya siku nyingi za wiki. Fungueni siku moja kwa watoto wa wakulima wadogo na wa vibarua, walete mpira wao, nanyi mlete raketi chache na seti moja ya kriketi. Na serikali ya kaunti ya Bomet, mnapotenga fedha za michezo, kumbukeni kwamba uwanja mmoja ulio sawa, wenye choo na maji, unatumikia michezo mitano. Jengeni uwanja, michezo itakuja yenyewe.

Najua wako watakaosema: mbona Kiprugut alikuwa wa mbio tu akafika? Ni kweli, na njia ya mtu kama yeye bado iko wazi kwa anayeipenda kutoka moyoni. Mtoto anayependa mchezo mmoja tu, naye asilazimishwe wa pili. Ninachopinga ni kulazimisha. Ninapinga kumfungia mtoto mlango kabla hajaona kilichomo ndani.

Muhula ujao ukifunguliwa, mzazi, mfuate mwalimu wa michezo shuleni. Mwambie mwanangu anacheza michezo miwili na mimi nimemkubalia, naomba tumpangie ratiba. Mazungumzo hayo hayazidi nusu saa. Nanyi vijana mnaosikiliza, mkipewa nafasi hiyo, iheshimuni: laleni mapema, fanyeni hesabu zenu kabla ya mazoezi, na mkiwa uwanjani, muwe wazima pale mlipo.